Herufi Nane za Molodtsov

Kaskazini-mashariki mwa Urusi ya Ulaya, upande wa huku wa milima ya Urali, Wakomi huuita mkate kwa neno ambalo Mswahili angeliandika bila taabu: nyany. Wao leo huliandika нянь. Karne moja iliyopita watoto wao walifundishwa kuliandika ԋаԋ. Yatazame maandishi hayo mawili hata kama hujui herufi moja ya Kirusi. Katika ԋаԋ, sauti ya mwanzo na sauti ya mwisho zina umbo moja, kwa sababu ni sauti moja. Katika нянь, sauti hiyohiyo imeandikwa kwa njia mbili: mwanzoni imewekwa н ya kawaida na kazi ya kuilainisha imeachiwa irabu я inayofuata, mwishoni imewekwa н ileile na kusindikizwa na ь, alama isiyo na sauti yake yenyewe.

Herufi ԋ haitumiki tena. Ilikuwa moja kati ya herufi nane zilizobuniwa na Vasily Aleksandrovich Molodtsov, mwalimu na mwanaisimu Mkomi aliyezaliwa 1886 na kufariki 1940. Mwaka 1918 alitunga alfabeti kamili ya lugha yake kwa msingi wa Kisirili, yaani mwandiko uliopewa jina la Mtakatifu Sirili na unaotumika kwa Kirusi, Kibulgaria na Kiserbia. Katika miaka ishirini iliyofuata alfabeti hiyo iliingia shuleni na katika matbaa, ikaondolewa, ikarudishwa, ikaondolewa tena, na safari hiyo haikurudi. Nimeisoma kwa muda mrefu na msimamo wangu ni huu: herufi za Molodtsov zilikuwa bora kuliko mfumo uliochukua nafasi yake, na ubora huo haukuzisaidia kitu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kabla ya 1918 Wakomi hawakuwa na maandishi. Mwaka 1372 mmisionari Stefano wa Perm, mtu wa Ustyug, aliwatungia alfabeti yao wenyewe ili awahubirie kwa lugha yao. Iliitwa Anbur, kwa majina ya herufi zake mbili za mwanzo, kama vile sisi tunavyosema alifu na be. Ilitumika kwa sala na maandishi ya sanamu takatifu, kisha ikafifia. Katika karne ya 15 waandishi wa Moscow waliigeuza kuwa mwandiko wa siri, kwa kuwa ni wachache walioweza kuisoma. Baadaye Kikomi kiliandikwa kwa herufi za Kirusi, kila mtu kwa tahajia yake. Ivan Kuratov, ambaye Wakomi humtaja kama baba wa fasihi yao, alifariki 1875 sehemu kubwa kabisa ya mashairi yake ikiwa haijachapishwa. Kwa hiyo Molodtsov hakuanza kwenye ardhi tupu. Alichokosa ni kanuni moja ambayo watu wote wangeifuata, na kanuni aliyoichagua ni ile ambayo kila mwanaisimu huipenda kwa nadharia: sauti moja, herufi moja.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, maana ubora wa herufi hizi hauonekani mpaka uelewe tofauti ya sauti za Kirusi na za Kikomi. Katika Kirusi karibu kila konsonanti ina mwenzake laini: kuna p ngumu na p laini, m ngumu na m laini, na kadhalika. Lugha ya namna hiyo ikitaka herufi ya pekee kwa kila sauti laini, itahitaji zaidi ya kumi mpya. Ndiyo maana mfumo wa Kirusi huhamishia kazi kwenye irabu: а ikifuata konsonanti, konsonanti ni ngumu, я ikifuata, ni laini. Kwa Kirusi huo ni uwekevu wa akili kweli.

Kikomi si Kirusi. Ni lugha ya familia ya Urali, ndugu wa karibu wa Kiudmurti na jamaa wa mbali wa Kifini na Kihungaria. Hakina p laini wala m laini. Sauti zake ambazo bapa la ulimi huinuka na kubana kaakaa gumu ni chache: mwenza wa d, wa z, wa l, wa n, wa s, wa t, na ile inayosikika kama dz laini. Msomaji wa Kiswahili anaijua vizuri moja kati yake, kwa sababu ndiyo ny yetu ya nyota na nyumba. Tofauti hizo si pambo la matamshi, zinabadilisha maana. Ныв ni msichana. Ньыв ni mti, msonobari wa aina moja unaoota kwa wingi katika misitu ya huko.

Sasa uchukue mfumo wa Kirusi uupachike juu ya lugha hiyo. Kikomi kina irabu saba, na mbili kati yake, ы na ӧ, hazina wenza wa kubeba ulaini kama я anavyombebea а. Kwa hiyo mbele ya irabu hizo unalazimika kuchomeka ь: ньыв kwa mti, сьӧд kwa rangi nyeusi. Mbele ya а unatumia я. Mbele ya i unafanya jambo la tatu: и ya kawaida inaonyesha konsonanti laini, na kwa konsonanti ngumu unaazima і yenye nukta, herufi ambayo Warusi wenyewe waliifuta katika marekebisho yao ya tahajia ya 1918. Jambo moja linasemwa kwa njia tatu, na mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa azijue zote kabla hajaandika jina la mkate. Uwekevu wa Kirusi umegeuka deni la Kikomi.

Molodtsov alilikataa deni hilo. Aliziacha irabu ziwe irabu tu, akatia ј kwa sauti ya y, na kila konsonanti laini akaipa umbo lake: ԃ, ԅ, ԇ, ԉ, ԋ, ԍ, ԏ. Nyingi ni herufi za kawaida zilizoongezewa mkia au kitanzi, hivyo jicho linaona papo hapo kwamba ԋ ni ndugu wa н na ԏ ni ndugu wa т. Ya nane ni ԁ, ya d ngumu, ambayo herufi yake kubwa ni kama P iliyotazamwa kwenye kioo na ndogo yake haitofautiani kwa lolote na d ya Kilatini. Sijasoma maelezo yake mwenyewe kuhusu sababu ya kuiacha Д ya Kirusi, ila ukiitazama Д utaona tayari ina vijimguu viwili chini. Mkia wa kuonyesha ulaini usingepata pa kukaa. Isiyonishawishi ni moja tu, ԍ, kwa kuwa herufi yake kubwa inafanana mno na G ya Kilatini na haifanani vya kutosha na С inayodai undugu nayo.

Matokeo yake kwenye ukurasa ni mazuri. Bata bukini, ambaye leo huandikwa дзодзӧг kwa herufi saba, alikuwa ԇоԇӧг kwa tano. Maandishi yanakuwa mafupi, na anayejifunza hahitaji kutazama herufi inayofuata ili ajue namna ya kutamka aliyonayo. Mtu asiyejua hata neno moja la Kikomi angeweza kufundishwa kukisoma kwa sauti, asikosee sana, katika muda wa alasiri.

Sisi tulikwenda njia nyingine. Kiswahili kilipotoka kwenye herufi za Kiarabu kuingia za Kilatini, na hasa baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930, sauti ambazo Kilatini hakina herufi zake ziliandikwa kwa jozi: ny, sh, ch, dh, gh. Ya ng'ombe ikapewa kibainishi, ambacho hadi leo watu wanakisahau wakiandika kwenye simu. Tofauti za mpumuo wa Kimvita, kama ile ya tembo kinywaji na tembo mwenye mkonga, ziliachwa nje kabisa. Haikuwa kazi ya kumfurahisha mwanafonolojia. Lakini jozi ina sifa moja ambayo herufi mpya haina: mashine yoyote yenye n na y tayari ina ny.

Mashine ndizo udhaifu wa kwanza wa Molodtsov. Herufi mpya katika miaka ya 1920 haikuwa suala la kubonyeza kitufe. Ilibidi ichongwe, isubiwe kwa risasi, kubwa na ndogo, wima na mlazo, kwa kila ukubwa wa maandishi ya kitabu, ya gazeti na ya tangazo. Nane zikizidishwa kwa yote hayo ni shehena ya chuma, na Ust-Sysolsk, mji mkuu wa Wakomi ambao tangu 1930 unaitwa Syktyvkar, haukuwa hata na reli. Pamoja na hayo vitabu vilitoka. Mkoa wa kujitawala wa Komi uliundwa Agosti 1921, shule zilihitaji vitabu vya kusomea, gazeti lilikuwepo, na washairi wa kizazi hicho, Viktor Savin na Vasily Lytkin aliyeandika kwa jina la Illya Vas, walisomwa kwa mara ya kwanza na umma mpana kwa herufi hizi zenye mikia. Anayedai kwamba alfabeti hiyo ilishindwa kwa sababu ya ugumu wa kuchapa anapaswa kueleza ilivyowezekana kuchapa kwa zaidi ya miaka kumi.

Iliondolewa na siasa, na siasa yenyewe haikujua inakwenda wapi. Mwaka 1926 mkutano mkuu wa wataalamu wa lugha za Kituruki uliofanyika Baku uliamua kwamba wasemaji wa lugha hizo waache herufi za Kiarabu na kuchukua za Kilatini. Wimbi hilo likawa sera ya dola nzima. Kilatini kilitangazwa kuwa mwandiko wa mapinduzi ya dunia, na Kisirili kikatazamwa kama masalia ya tsar na mapadri wake, hata pale ambapo, kama kwa Molodtsov, kilikuwa kimerekebishwa kiasi kwamba padri wa zamani asingeweza kukisoma. Lugha nyingi ndogo za Muungano wa Kisovyeti, pamoja na zile ambazo hazikuwahi kuandikwa, zilipewa Kilatini. Zamu ya Kikomi ilifika 1932.

Kisha upepo ukageuka. Moscow iliacha kuwaza mapinduzi ya dunia, ikaanza kuwaza umoja wa nchi chini ya Kirusi. Mwaka 1936 Wakomi walirudishwa kwenye herufi za Molodtsov. Machi 1938 ilitoka amri ya kulazimisha Kirusi kifundishwe katika shule zote zisizo za Kirusi, na mwaka huohuo Kikomi kikapewa alfabeti ambayo kimsingi ni ya Kirusi, na juu yake і na ӧ. Ndiyo inayotumika hadi leo, herufi 35.

Hebu tufuate hesabu ya mtoto mmoja wa kijijini aliyezaliwa 1924. Kaka zake wamesoma kwa Molodtsov. Yeye anaanza shule akiwa na miaka minane, 1932, kwa Kilatini. Akifikisha miaka kumi na miwili anaambiwa arudi kwenye vitabu vya kaka zake. Akifikisha kumi na minne anaambiwa vyote viwili viwekwe kando. Barua ya mama, gazeti la ukutani, kitabu cha hesabu na diwani ya mashairi vyote viko nyumbani, na kila kimoja kinahitaji macho mapya. Na muda wote huo yupo mwalimu mmoja asiyebadilika, somo la Kirusi, ambalo alfabeti yake ni ileile jana, leo na kesho. Ukimuuliza mtoto huyo lugha ipi ni ya kuaminika kwa kuandikia, atakujibu nini?

Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo jeraha. Kati ya alfabeti tatu alizopitia Mkomi ndani ya miaka ishirini, hakuna ambayo peke yake ingeua usomaji. Hata hii ya sasa, pamoja na njia zake tatu za kuandika ulaini, inafundishika. Warusi wana tahajia ngumu kuliko hiyo na wanaandika riwaya. Kilichoua ni kuhamahama. Kila badiliko liliwarudisha watu wazima waliokwisha kujua kusoma kwenye benchi la wasiojua, na kufanya maktaba ya jana kuwa karatasi za kufungia. Watetezi wa mabadiliko ya 1938 hutaja faida ya mtoto kujifunza mwandiko mmoja kwa lugha mbili. Faida hiyo ipo na sitaki kuidharau. Ila ililipiwa na kizazi kizima, na hakuna aliyekiuliza.

Watu wenyewe waliokuwa na kalamu hawakusalimika. Lytkin alikamatwa 1933 katika kesi iliyowatuhumu wasomi wa Kifini-Ugri kutaka kuyamega maeneo yao na kuyaunganisha na Finland. Alipelekwa kambini hadi 1935. Mshairi wa Waudmurti, Kuzebay Gerd, aliyeshtakiwa katika kesi hiyohiyo, alipigwa risasi 1937. Savin alifia kifungoni 1943. Sisemi kwamba mikia ya herufi ndiyo iliyowapeleka huko. Nasema kwamba mjadala huru juu ya alfabeti ipi inafaa usingewezekana tena, kwa kuwa waliokuwa na ujuzi wa kujadili walikuwa magerezani au walikuwa wamejifunza kunyamaza. Lytkin alinusurika, akarudi kwenye utafiti, na mwaka 1952 akatoa kitabu kuhusu lugha ya kale ya Perm na ule mwandiko wa Stefano. Aliendelea kufanya kazi karibu mpaka kifo chake mwaka 1981.

Wakomi hawakuwa peke yao. Wamoksha wa bonde la Volga walikuwa katika miaka ya 1920 na ԕ na ԗ kwa l na r zisizo na mghuno, sauti ambazo leo wanaziandika kwa jozi za herufi. Wakurdi wa Armenia ya Kisovyeti waliandika kwa Kisirili kilichotiwa ԛ na ԝ. Zote zimepita.

Zimepita kwenye karatasi, lakini mwaka 2002 toleo la 3.2 la Unicode, ule mfumo unaoipa kila herufi duniani namba yake ndani ya kompyuta, liliziingiza herufi nane za Molodtsov, kubwa na ndogo, nafasi 16 zinazofuatana kuanzia namba 0500. Za Wamoksha na Wakurdi zilifuata 2008. Anbur ya Stefano ilipata zamu yake 2014. Na kanuni ya Unicode ni kwamba herufi ikishaingizwa haifutwi kamwe. Kile ambacho serikali haikuwapa Wakomi, uhakika kwamba alfabeti haitabadilishwa wakiwa wamelala, herufi hizi zimekipata baada ya kukosa watumiaji.

Faida yake ni ya kweli. Maktaba ya Taifa ya Finland, katika mkusanyo wake uitwao Fenno-Ugrica, imeweka mtandaoni vitabu na magazeti ya lugha hizi ndogo za Urali ya miaka ya 1920 na 1930. Picha ya ukurasa peke yake ni nusu ya kazi. Ili mtafiti atafute neno ndani ya maelfu ya kurasa, ukurasa lazima ugeuzwe maandishi, na bila namba ya ԋ mashine ingeandika н au alama ya kuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu 1938 inawezekana mjukuu asome alichosoma babu bila kujifunza kwanza kuchambua risasi za matbaa.

Hasara nayo ipo, na hiyo inakuhusu wewe unayesoma safu hii Tanga, Nakuru au Muscat. Nilisema ԁ ndogo haitofautiani na d yetu. Linganisha maneno haya mawili: bidhaa, biԁhaa. La pili lina ԁ ya Molodtsov. Jicho haliwezi kuzitenganisha, lakini kwa kompyuta ni maneno mawili yasiyohusiana. Ukitafuta la kwanza hutalipata la pili. Wahandisi wa Unicode wanatunza orodha ya herufi zinazochanganyika kwa sura, na ԁ imo kama pacha wa d, pamoja na ԛ na ԝ za Wakurdi. Matapeli wanaijua orodha hiyo. Herufi za namna hii huchomekwa katika barua taka ili zipenye vichujio, na katika anwani za tovuti bandia. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alionyesha jambo hilo kwa kusajili anwani iliyosomeka apple.com, kumbe herufi zake zote tano za jina ni za Kisirili; l yake ilikuwa kijiti kinachotumiwa na lugha za Kaukazi kama Kichecheni. Vivinjari vilirekebishwa baada ya hapo, na vingi sasa vikitilia shaka anwani huionyesha kwa sura yake ya ndani inayoanza na xn--.

Ukiiona xn-- mahali ulipotarajia jina la benki yako, funga ukurasa. Na kiungo cha fedha kilichokuja kwa ujumbe usikibonyeze hata kama kila herufi inaonekana sawa. Andika anwani mwenyewe, kwa sababu kibodi yako haina ԁ.